Pikapu ya Shangazi na Mpango wa Kurasa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Nimekabidhiwa mradi wangu wa kwanza tangu nihitimu shahada ya usimamizi wa biashara, miezi saba iliyopita. Mradi wenyewe: kuiboresha pikapu ya dizeli ya Shangazi. Umri wa pikapu: imenizidi miaka minne. Hali yake: inatembea. Mapungufu: moshi mweusi, mtikisiko, na mlango wa kushoto usiofunguka mpaka mtu aliye nje akuhurumie.

Nieleze kwa utaratibu. Shangazi anafuga kuku wa mayai elfu moja na mia mbili nyuma ya nyumba hii anamonihifadhi. Kiwanda cha mikate kimemwandikia barua. Kinataka mayai kila wiki, mkataba wa mwaka mzima. Lakini kwanza kuna jaribio, Jumanne ijayo. Trei sitini zifike kabla ya saa moja asubuhi. Mayai yatakayopasuka yasizidi thelathini. Na gari lisiingie likitoa moshi, kwa sababu ya unga. Likitoa moshi linageuziwa getini, pamoja na mayai yake.

Shangazi amesema waziwazi: tukishindwa, pikapu inauzwa. Mnunuzi yupo tayari. Ni Mzee wa Mabati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda, ambaye kila akipita kwetu huipapasa boneti kama mtu anayechagua tikiti maji. Na pikapu hii ndiyo kitu pekee alichoachiwa Shangazi na marehemu mumewe, ukimwondoa binti yao.

Kuhusu binti yao. Ni binamu yangu, ndiye dereva, na ndiye mpinzani wangu. Elimu yake: leseni. Alitoa mapendekezo yake mbele ya familia kwa dakika mbili, akiwa amesimama, ndoo ya maji ya kuku mkononi. Tubadilishe machujio, tusafishe nozeli, tuweke shokapu mpya, basi. Basi! Hakuna dira. Hakuna dhamira.

Mimi niliwasilisha mpango wa kurasa kumi na moja, wenye viambatisho vitatu. Niliusoma kwa dakika arobaini. Nilipofika ukurasa wa saba Shangazi aliinua mkono, akasema chukua bahasha, baba, chukua tu, kuku hawajala tangu asubuhi.

Ushindi wa hoja!

Ndani ya bahasha zimo pesa za kuku wazee waliokoma kutaga. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: BAJETI. Binamu ameanza kuniita Bwana Mkurugenzi. Nimepokea.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipeleka pikapu gereji. Fundi wetu anaitwa Fundi Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa maswali yote. Gari limepona? Bado. Umekula? Bado. Umeoa? Bado. Ana miaka hamsini na tatu.

Alipokea mpango wangu kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Kisha akang'oa ukurasa wa nne, akafutia kijiti cha kupimia oili. Akasifu karatasi. Inanyonya vizuri, alisema.

Alitaka tuanze kwa kufungua boksi la chujio la hewa. Nilikataa. Nilimwonyesha Kiambatisho B, ambapo tayari nimeandika: *Chujio la hewa: hali nzuri.* Akauliza kama nilifungua nikaona. Nikamweleza kwamba kazi ya meneja si kufungua, ni kutathmini. Alinitazama kwa muda. Kisha akaitazama spana yake kwa muda mrefu zaidi, kana kwamba anaiomba radhi.

Nikatangaza kiini cha mpango: turbo. Nimesoma. Turbo huisukuma hewa iingie kwa wingi kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua yote. Dizeli ikiungua yote, moshi hakuna. Sayansi! Fundi Bado alikuna shingo, akasema, "Mdogo wangu, injini hii ni mtu mzima. Mtu mzima humpulizii kipenga ukamwambia kimbia."

Mtazamo wa kizamani. Nimeuandika chini ya kichwa cha habari: Vikwazo vya Rasilimali Watu.

Jumatano, 5 Machi

Yadi ya vipuri chakavu. Muuzaji, jitu la kitambi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha basi lililokatwa, mkanda ameufunga. Nikamwambia nahitaji turbo ya bei nafuu kwa ajili ya taasisi. Akauliza taasisi gani. Nikasema ya kuku. Hakucheka, jambo nililoliona kuwa la kiungwana.

Alinionyesha turbo iliyotoka kwenye gari la wagonjwa. Akaapa kwamba haijawahi kuchelewa popote. Hoja nzito. Nikainunua.

Nikanunua pia springi nne za lori, zile bapa ndefu za chuma. Ukurasa wa tisa unaeleza sababu. Lori hubeba tani kumi na halilalamiki. Tani kumi ni nzito kuliko mayai. Kwa hiyo springi ya lori italibeba yai bila yai lenyewe kufahamu kwamba linasafiri. Nilipomaliza kueleza, muuzaji alifungua mkanda, akasimama, akanipa mkono. Akasema amefanya biashara hii miaka ishirini na hajawahi kupata mteja kama mimi.

Bahasha imebaki nyepesi. Lakini mkakati umebaki mzito.

Alhamisi, 6 Machi

Turbo imefungwa. Fundi Bado amefanya kazi kutwa nzima bila kusema neno, isipokuwa nilipomwuliza kama imekwisha. Bado. Niliagiza pia aikaze ile skrubu ya pampu ya dizeli ili mafuta yaende sambamba na hewa. Akasema skrubu hiyo haijaguswa tangu enzi za marehemu. Nikasema ndiyo maana hatusongi mbele.

Saa kumi alasiri tukaitoa barabarani. Binamu usukani, mimi pembeni na daftari. Mwendo! Nilibandikwa kwenye kiti. Tulimpita mwendesha pikipiki! Nikapiga kelele za furaha ambazo hazilingani na elimu yangu. Binamu akaniomba nigeuke nitazame nyuma.

Nyuma hapakuwepo. Palikuwa na wingu jeusi, pana kama jengo, na ndani yake sauti za watu wakikohoa.

Wingu hilo lilitua uani kwa jirani yetu nesi, aliyekuwa ameanika sare zake tano, nyeupe zote. Alikuja mlangoni na moja mkononi. Ilikuwa na rangi ya jivu. Akamwuliza Shangazi kwa upole wa kutisha kama kesho aende wodini akiwa amevaa kama mpishi wa mkaa. Nilijitokeza, nikajitambulisha kwa cheo, nikamweleza kwamba moshi huo ni wa mpito. Akasema mpito wangu ataupeleka kwa mjumbe wa mtaa. Nimezifua mwenyewe sare zote tano, kwa mikono yangu ya shahada, na kuzipiga pasi.

Wakati nikifua, rejeta ilichemka. Mvuke ukapaa juu kuliko paa la banda la kuku. Fundi Bado akaitwa mbio, akaja akitembea. Akaiacha ipoe, akagusa hapa, akasikiliza pale, sikio kwenye chuma kama daktari. Nikauliza kwa sauti iliyopungua: injini imekufa?

Bado.

Sijawahi kulipenda neno hilo kiasi hicho. Silinda hedi ni nzima. Gasketi ni nzima. Nimeketi juu ya ndoo na kupumua kwa robo saa. Shangazi hakuiona rejeta, alikuwa bado anamwomba nesi msamaha. Mambo mawili mabaya yakitokea kwa wakati mmoja, mtu huona moja tu. Nimelichukulia hilo kama faida.

Ijumaa, 7 Machi

Springi za lori zimefungwa. Pikapu imenyanyuka! Inasimama kama askari wa gwaride. Mzee wa Mabati alipita, akanyoosha mkono aipapase boneti kama kawaida yake, akaikosa. Akalazimika kuipapasa taa. Nimefurahi mno.

Kasoro moja ndogo: Shangazi hafiki kwenye kiti. Alijaribu kwa mguu wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akauliza kama gari hili sasa ni la kubebea mayai au la kutazamia mwezi. Nimempatia kreti ya soda kama ngazi. Nimeiandika kwenye mpango: *miundombinu ya kupandia.*

Kuhusu moshi: nimeagiza tuendeshe taratibu sana tukikaribia kiwanda, ili moshi upungue. Binamu akasema kwa hiyo tumenunua turbo ili tuendeshe polepole. Anaelewa haraka akitaka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Asubuhi Shangazi alikwenda kwenye kikao cha kikundi chake cha akina mama. Binamu alikwenda kununua chakula cha kuku kwa mkokoteni, maana hakuliamini tena gari. Nikaiona nafasi ya kufanya jaribio la ndani, ili Jumanne niwasilishe takwimu. Nikapakia trei ishirini. Mayai mia sita. Nikazipanga vizuri, nikafunika turubai, nikawasha.

Matuta manne tu yapo kati ya nyumbani na njia panda.

Tuta la kwanza: gari liliruka. Si kutikisika. Kuruka. Kichwa changu kiligonga paa. Nyuma nikasikia mlio mwororo, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Nikapunguza mwendo. Tuta la pili: mlio tena, sasa wenye unyevu. Tuta la tatu sikulisubiri kwa hiari, breki zilichelewa. La nne nalikumbuka kama ndoto.

Kumbe springi ya lori huhitaji uzito wa lori. Ikikosa uzito hulirusha gari kama pumba kwenye ungo! Muuzaji hakulisema hilo. Wala ukurasa wa tisa.

Nililifungua turubai. Sitaki kueleza nilichokiona. Niseme tu kwamba kilikuwa kinatiririka.

Yaliyosalimika: trei moja na nusu. Mengine niliyafukia nyuma ya choo cha nje kwa jembe, huku kuku wakinitazama kupitia waya. Niliosha bodi la gari, nikabadilisha shati, nikakaa sebuleni na kitabu. Shangazi aliporudi aliingia banda la kuku na stoo, akatoka akiwa ameshika kiuno. Akauliza mayai ya leo yako wapi. Nikamjibu kitaalamu kwamba nimeona dalili za kushuka kwa uzalishaji.

Akaamini! Uso wake ukajaa wasiwasi juu ya kuku. Nami moyo ukatua. Kwa muda.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amemwita daktari wa mifugo.

Alifika saa tatu, koti jeupe, mabuti, begi. Aliwakamata kuku kumi na wawili mmoja mmoja, akawapima macho, akawafunua mbawa, akawabonyeza matumbo. Kuku walilalamika sana, na wana haki. Akatangaza kwamba hawa kuku wana afya kuliko yeye, na kama hawatagi basi wamegoma. Akashauri vitamini. Shangazi akafungua pochi.

Hapo nilianza kujisikia vibaya. Nilikohoa. Nikasema labda tusubiri. Shangazi akasema tusubiri nini, mwanangu, kesho kutwa ni jaribio, kuku wakifa mimi nitabaki na nini?

Wakati huohuo Binamu akatokea nyuma ya pikapu. Alikuwa ameshika kitambaa chenye kitu cha manjano, amekinyanyua juu ili kila mtu aone. Akasema, "Mama, acha kuwatesa kuku. Gari la Bwana Mkurugenzi ndilo limetaga. Ute umejaa mpaka kwenye bawaba."

Daktari wa mifugo akafunga begi, akasema magari hayamo kwenye leseni yake.

Nilieleza kila kitu. Nilitumia maneno kama *majaribio* na *changamoto za awali.* Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka. Aliisogelea pikapu, akaweka mguu kwenye kreti ya soda, akajivuta juu kwa shida, akaketi kwenye kiti cha dereva alichokuwa akikalia mumewe. Akakinyoosha kile kitambaa cha kufutia vumbi kilichokunjwa kwenye dashibodi tangu siku za marehemu. Akakikunja tena vilevile.

Mzee wa Mabati akachagua wakati huo kuja, na futi kamba mkononi! Akaanza kupima urefu wa bodi, akisema mabati ya futi kumi yataingia vizuri. Shangazi akamwambia kutoka dirishani, kwa sauti ndogo, kwamba kesho aje na pesa.

Binamu akaruka. Akasema Mama, nipe kesho. Siku moja tu. Mimi na Fundi Bado. Shangazi akafikiri, akamgeukia Mzee. Akasema basi mpaka Jumanne, saa moja asubuhi. "Saa moja na dakika moja, kaka, chukua gari lako."

Niko chumbani. Nimeandika neno *nilikosea.* Nimelifuta. Nimeliandika tena kwa penseli, ili liweze kufutika baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Kutwa nzima gereji. Kazi yangu: kushika. Shika hii. Shika hapa. Usishike hapo! Binamu amevaa ovaroli ya marehemu baba yake, miguu ameikunja mara tatu. Yeye na Fundi Bado wanafanya kazi bila kuongea, mmoja akinyoosha mkono mwingine anaweka spana. Turbo ikatoka. Springi za lori zikatoka, za zamani zikarudi. Skrubu ya pampu ikarudishwa nyuma, nyuzi kwa nyuzi, Fundi Bado akisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Nozeli zikasafishwa. Shokapu mpya hatukuzimudu, kwa sababu ya hali ya bahasha. Nilitazama pembeni jambo hilo lilipotajwa.

Kisha Binamu akafungua boksi la chujio la hewa.

Fundi Bado akaweka spana chini.

Lilikuwa limejaa manyoya. Si machache. Limeshindiliwa! Manyoya na vumbi la chakula cha kuku, vimegandamana kama mto wa kulalia. Fundi Bado alianza kuyavuta, akavuta, akavuta, kama mtu wa mazingaombwe anayetoa vitambaa. Akasema, "Humu mna kuku mzima. Amekosa mdomo tu."

Maelezo yakawa mepesi kiasi cha kuudhi. Tangu marehemu afariki, Shangazi huegesha pikapu nyuma ya banda, palepale feni kubwa ya banda inapotolea hewa, ili asiione kila akifungua dirisha la chumba chake. Miaka miwili feni imekuwa ikiipulizia manyoya. Injini ilikuwa inakosa pumzi tu. Moshi wote ulikuwa kukohoa! Binamu alikichukua Kiambatisho B. Alikunja ukurasa ule vizuri, akautia kwenye mfuko wa ovaroli. Nahofia anautunza kwa ajili ya harusi yangu.

Chujio jipya likawekwa. Fundi Bado akawasha. Nikazunguka nyuma, nikaweka kiganja kwenye eksozi.

Hewa ya moto. Safi! Nilikitazama kiganja changu, kikiwa na rangi yake ya kuzaliwa, nikakaribia kulia.

Kuhusu mtikisiko, Binamu ana njia ya baba yake. Unalaza magunia manane ya chakula cha kuku sakafuni mwa bodi, gari linatulia, springi zinalegea, kisha trei zinapangwa juu ya magunia. Tairi za nyuma unazipunguza upepo kidogo. Niliuliza kama njia hii imeandikwa mahali. Akasema imeandikwa kwenye magunia.

Mayai tuliyonayo baada ya ajali yangu: trei sitini na moja. Kuku wametaga kama wanaonionea huruma.

Jumanne, 11 Machi

Tumeondoka kukipambazuka. Binamu usukani, Shangazi katikati, mimi mlangoni na tai yangu ya mahafali. Mpango nimeubeba, kurasa zilizosalia. Shangazi alishika rozari kwa mkono mmoja na goti langu kwa mwingine, akilibana kila tukikaribia tuta. Binamu aliyavuka matuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, kama mtu anayepita kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Nilitega sikio nyuma. Hakuna majani makavu. Hakuna kitu.

Saa moja kasoro dakika ishirini. Geti la kiwanda. Mlinzi alitoka na fimbo yenye kitambaa cheupe nchani. Ndio utaratibu wao: gari linanguruma, kitambaa kinawekwa mbele ya eksozi, kikiwa cheusi unarudi kwenu. Binamu akakanyaga mafuta. Mlinzi akahesabu mpaka kumi, polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akihesabu. Akakitazama kitambaa. Akakigeuza. Akasema, "Pita, mama."

Shangazi akaliachia goti langu. Damu ikarudi mguuni.

Afisa manunuzi alikuwa mama mfupi mwenye kofia ya nailoni na kalamu nyuma ya sikio. Wafanyakazi wakashusha trei, wakazipanga juu ya meza ndefu, yeye akipita na kuhesabu. Trei ya ishirini: nyufa sita. Ya arobaini: kumi na tatu. Ya sitini: kumi na tisa. Kumi na tisa tu! Kikomo ni thelathini!

Hapo ndipo nilipoona umuhimu wa uwasilishaji rasmi. Nilisonga mbele, nikajitambulisha, nikainama kidogo kumkabidhi mpango. Kiwiko changu kikashukia trei ya mwisho.

Tisa.

Ute ulidondoka kutoka kwenye mkono wa koti langu, tone, tone. Binamu akanikamata kwa tai, akanivuta nyuma kama mbuzi anayekula shamba la watu. Afisa akanitazama juu ya miwani. Akamwuliza Shangazi kama hayo tisa yanahesabiwa kwa gari au kwa huyu kijana. Shangazi akajibu bila kupepesa, "Hesabu kwa gari, dada. Huyo ni mtoto wa kaka yangu, nimekuja naye jinsi alivyo."

Afisa akachukua kalamu. Kumi na tisa na tisa. Akaandika ishirini na nane. Akageuza karatasi, akagonga muhuri.

Tumepita!

Shangazi aliketi palepale kwenye gunia la unga, akacheka mpaka machozi, na sijui ni wapi kicheko kiliishia na machozi yakaanza. Binamu alikwenda kuinamia usukani peke yake. Nilimwacha. Mfanyakazi mmoja akatuletea mkate wa moto, tukaumega kwa mikono juu ya boneti. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu hivyo. Mabega yangu, ambayo yalikuwa masikioni tangu Alhamisi, yalishuka yenyewe.

Tulipofika nyumbani Mzee wa Mabati alikuwa getini na bahasha yake. Shangazi akamwamkia vizuri, akampa kipande cha mkate, akamwambia aende salama. Kisha akamwelekeza Binamu aegeshe pikapu mbele ya nyumba, chini ya dirisha lake.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala kwa saa kumi na moja mfululizo. Asubuhi Shangazi ametugawia majukumu. Binamu: ufunguo na mkataba. Mimi: brashi, kwa ajili ya kusafisha chujio la hewa kila Ijumaa. Kwa maneno mengine, nimekabidhiwa Idara ya Hewa. Nimeandika taarifa ya mwisho ya mradi. Hitimisho: mpango umetekelezwa kwa mafanikio ya asilimia tisini na nane, yakiwemo marekebisho madogo ya awamu ya pili yaliyofanywa na wasaidizi wangu. Lile neno la Jumapili nimelifuta. Penseli ilikuwa uamuzi wa busara.

Jambo moja zaidi. Jana, wakati wengine wakila mkate, niliona mapipa nyuma ya kiwanda. Mafuta ya kukaangia vitafunwa, yaliyokwisha kutumika. Wanayamwaga! Nikamwuliza msichana wa jikoni. Akasema kuna watu huyatia kwenye injini za dizeli, kuukuu kama yetu, na zinakwenda. Bure! Nimepiga mahesabu ya mwaka mzima na kalamu ikaniponyoka kwa msisimko.

Leo saa kumi, Binamu alipokwenda kumpelekea Fundi Bado shukrani, niliyafuata madumu mawili na kuyamimina yote kwenye tangi. Yule msichana alisema yachujwe kwanza. Niliyatazama kwenye jua. Yalionekana safi.

Kesho alfajiri pikapu inaondoka na mzigo wa kwanza wa mkataba. Sijamwambia mtu. Nimeona iwe zawadi.

Ah! Ni siku ya kwanza tangu mradi uanze ninapanda kitandani bila wasiwasi wowote.